Daftari la mzee wa Lincoln

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Niwie radhi kwa kuchelewa kukujibu. Tulikuwa tunahamisha vitu vya wakwe, na nilichokikuta kimeninyima usingizi.

Unamkumbuka babu yake mume wangu, yule mzee wa Lincoln, Uingereza, aliyekuja harusini Mombasa? Mama alipomwambia kwamba baba yake alikuwa Keya, askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza, akapigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, mzee alimshika mkono asiuachie hadi chakula kikapoa. Nilikuwa natafsiri mimi, na sikuelewa. Sasa nimeelewa.

Vita hivyo hivyo, mzee alikuwa mpiga bunduki wa mkiani kwenye Lancaster, ndege ya mabomu ya Waingereza. Ndani yake watu 7: wenzake sita wako mbele, yeye peke yake nyuma kabisa, ndani ya kibanda cha vioo kilichombana mabega, ana bunduki nne na ameupa mgongo uelekeo wa safari. Parachuti haikuenea humo, ilitundikwa nyuma ya mlango. Huko juu baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri.

Tumepata daftari lake la safari. Za usiku ziliandikwa kwa wino mwekundu. Nikafuata kwa kidole: Julai 1943, Hamburg, mji wa Ujerumani. Siku tatu baadaye, Hamburg tena. Usiku huo wa pili ndio moto ulioungana ukawa tufani. Mashambulizi ya siku zile yaliua watu zaidi ya 30,000 mjini mle. Yeye ameandika jina la mji na saa alizoruka, basi. Lakini shoga, rubani akishageuza ndege, mbele yake ni giza. Aliyebaki anautazama mji unaowaka hadi upotee ni wa mkiani.

Mume wangu anasema kila tarehe 5 Novemba, usiku wa mioto kwa Waingereza, majirani wakiwasha mioto na fataki, babu alifunga mapazia akakaa jikoni, hasemi na mtu.

Namwonea fahari, na nawalilia wale walioungua. Moyoni yamekaa pamoja.

Chini ya daftari kulikuwa na glavu za hariri, nyembamba kama ushungi, za kuvaa ndani ya zile nzito. Nilizijaribu, zikanienea kabisa. Alikuwa na miaka 20.

Nisalimie mama. Habari hizi usimpe kwa simu. Nikija Desemba nitamwambia mwenyewe, nimeshika mkono ule ule.

Wako akupendaye