Mjomba, ile bunduki ya marehemu tusiiache

Shikamoo mjomba. Najua saa hizi uko shambani unapulizia salfa, na simu huwashi mpaka jioni. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu wapo wazee wa Lindi na Mtwara ambao huenda waliwahi kulala kifudifudi kando ya marehemu mjomba mkubwa, kila mmoja na karatasi yake ya shabaha mbele. Akisoma mmoja wao, namwomba ajitokeze.

Kwenye kikao cha ukoo ulisema lile gobole tulilolipeleka polisi baada ya msiba liachwe huko huko, lisije likatuletea kesi. Hofu yako naielewa. Lakini mjomba, ile haikuwa gobole. Wala haikutengenezwa kwa ajili ya nguruwe wanaomaliza mihogo. Ni bunduki ya shabaha ya kaliba .22 (ndio upana wa tundu la mtutu), ya kutia risasi moja moja, na kiwanda kilichoitoa kilishaacha kuitengeneza. Ikipotea hii, dukani hakuna nyingine.

Nilianza na karatasi ya leseni yake. Mchwa walikuwa wamekula sehemu ya jina la mtengenezaji, wakabakiza kaliba na namba. Mama ndiye aliyenisaidia. Alipokuwa msichana alikuwa akipewa kitambaa aifute vumbi, na alama iliyokuwa ubavuni anaikumbuka. Akanichorea mchangani: bunduki tatu zimesimamishwa, zimeegemeana vichwa. Mchoro huo nikaupiga picha nikamwonyesha fundi baiskeli mmoja mzee pale Lindi mjini. Hata miwani hakuvaa. "Hiyo BSA," akasema, akaendelea kukaza spoki. Baiskeli za BSA alizitengeneza tangu ujana wake, na alama ni ile ile.

BSA, yaani Birmingham Small Arms, ni kampuni iliyoundwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa Birmingham, Uingereza. Baadaye wakaingia kwenye baiskeli, kisha pikipiki, na wakajulikana dunia nzima kwa hizo. Novemba 1940 ndege za Ujerumani zilikipiga mabomu kiwanda chao cha Small Heath wakati watu wako kazini usiku, wakafa wafanyakazi 53. Baiskeli wakaziuza kwa Raleigh mwaka 1957, na kampuni yenyewe ikayumba mpaka ikamezwa mwaka 1973. Idara ya bunduki ilibaki, na mwaka 1986 ikanunuliwa na Gamo ya Hispania. Jina bado lipo, ila sasa liko kwenye bunduki za upepo. Ya marehemu ilikwishaachwa.

Kujua kampuni hakukutosha, maana bunduki za .22 walitoa za aina nyingi. Hapo ndipo ile picha yake ya kulenga shabaha kule shamba la mkonge iliponifaa. Itazame vizuri ukiipata. Ubavuni hakuna mkono wa komeo kama wa bunduki za askari. Chini, nyuma ya triga, kuna wenzo. Ukiushusha, kipande cha chuma ndani kinainama kwa mbele na chemba inafunguka juu. Unalaza risasi, unarudisha wenzo, basi. Mtambo huo asili yake ni wa Peabody wa Marekani, na Martini aliyekuwa Uswisi akauboresha. Jeshi la Uingereza lilikuwa nao kwenye bunduki za Martini-Henry tangu 1871. BSA waliufanya mdogo kwa ajili ya .22, na za daraja la juu wakaziita Martini International.

Kuna jambo moja kwenye picha ambalo lilinifanya niiangalie usiku kucha. Mbao ya mbele, pale alipoweka mkono wa kushoto, haigusi mtutu. Mwanga unapita katikati. Inashikiliwa na mkono wa aloi unaotoka kwenye bodi, mtutu wenyewe umeachwa huru. Hiyo ndiyo Mk III, yaani toleo la tatu la Martini International, iliyoanza kutoka mwaka 1959. Wewe unajua mbao zinavyofanya hapa pwani: mlango uliofunga vizuri wakati wa kusi, masika ikija unasukumwa kwa bega. Mbao ikivimba na kuukandamiza mtutu, risasi inahama bila mlengaji kukosea chochote. Waliobuni Mk III waliitenga mbao na mtutu ili hilo lisitokee, na bunduki hiyo ndiyo iliyomfikia karani wa mkonge huku Lindi, akaitunza kwa leseni mpaka akafariki.

Usahihi wenyewe ni huu. Kwenye shabaha ya kimataifa ya mita 50, duara la kumi lina upana wa milimita 10.4, sawa na kifungo cha shati. Kile kidude cha chuma kilichomo kwenye kopo la maziwa juu ya kabati lako ndicho kilengeo chake cha nyuma. Kimeandikwa Parker-Hale, nao ni wa Birmingham vilevile. Unachungulia kwenye kitundu, na pembeni kuna vifundo viwili, cha juu-chini na cha kushoto-kulia. Nilikigusa kimoja nikasikia kinagonga tik. Kwa vilengeo vya robo dakika (dakika ya pembe, si ya saa), tik moja ya namna hiyo inahamisha risasi kama milimita 3.6 kwa mita 50. Nikauacha mkono hapo hapo. Namba zilizopo kwenye vile vifundo ni zake, aliziweka mwenyewe kwa jicho lake.

Mjomba, kwetu mirathi inapita kwa upande wa mama, na baada yake mkubwa ni wewe. Mimi siwezi kwenda polisi nikasikilizwa kabla yako. Ninachokuomba ni uandike barua ya kuiombea, tuambatanishe karatasi za mirathi na mabaki ya leseni, kisha tufuate sheria ya silaha ya mwaka 2015 hatua kwa hatua. Wakikataa kutupa leseni, tuombe izibwe isiweze kufyatua, ihifadhiwe mahali pa kumbukumbu. Hata hilo nitalipokea. Nisichoweza kulipokea ni ikatwe vipande kwa kuwa sisi wenyewe tuliiita gobole.

Jumamosi nakuja Newala na picha, na rasimu ya barua uisome usahihishe. Mpaka hapo, lile kopo naomba lishushwe kabatini lifungiwe sandukuni, watoto wasivizungushe vile vifundo. Msalimie shangazi.