Mwili wa mtu mfupi, uso wa mtu mrefu

Mhariri,

Kila inapotoka filamu ya njozi yenye mbilikimo walioigizwa na watu warefu, watetezi wake husema teknolojia imerahisisha mambo. Anayejua jinsi mtu anavyofupishwa kwa kamera hathubutu kuiita kazi hiyo rahisi.

Njia kongwe ni kulidanganya jicho kwa umbali. Ukitaka mwigizaji aonekane na asilimia 60 ya kimo chake, gawa umbali wa mwenzake kwa 0.6: huyu akiwa mita 3 kutoka kwenye lenzi, yule asimame mita 5. Hapo ndipo balaa inapoanza. Hawawezi kutazamana, kila mmoja huzungumza na alama iliyobandikwa kwenye kijiti, na akikosea kidogo tu, mtazamaji anaona macho yakipita juu ya kichwa cha mwenzake. Ili sura zote mbili zitoke bila ukungu, tundu la lenzi lazima libanwe, na kutoka tundu pana la f/2.8 kwenda tundu jembamba la f/11 kunadai mwanga mara 16. Meza moja hujengwa kwa vipande viwili vya vipimo tofauti. Kikombe cha sentimita 9 kwa aliye karibu huwa cha sentimita 15 kwa aliye mbali. Kamera nayo ikiteleza kando, siri imefichuka, kwa kuwa kilicho karibu huhama upesi kuliko kilicho mbali. Watengenezaji wa filamu za The Lord of the Rings walilazimika kumweka mwigizaji juu ya jukwaa linalosogea sambamba na kamera.

Baada ya jasho lote hilo, bado anahitajika mtu mfupi! Akionekana kwa mgongo, akitembea mbali au akikumbatiwa, anayeingia ni badali, mtu mfupi anayesimama mahali pake. Elijah Wood, aliyeigiza Frodo katika filamu hizo, badali wake alikuwa Kiran Shah. Kwa hiyo watu wafupi hawakosekani kwenye seti. Wapo, ila wamefichwa nyuso.

Kisingizio cha kwamba waigizaji wafupi hawapatikani kilivunjwa mwaka 2012, pale hadithi moja, ile ya Snow White na mbilikimo saba, ilipotengenezwa mara mbili. Snow White and the Huntsman ilichukua nyuso za waigizaji warefu wenye majina na kuzibandika kwenye miili ya badali wafupi. Mirror Mirror iliwapa nafasi hizo waigizaji wafupi saba, nao wakaigiza kwa nyuso na sauti zao.

Tena, mtu mrefu aliyepunguzwa hafanani na mtu mfupi. Katika akondroplasia, aina ya ufupi inayoonekana zaidi, kiwiliwili hukaribia kipimo cha wengi. Mikono na miguu ndiyo mifupi, na viwiko mara nyingi havinyooki kabisa. Ukimpunguza mtu mrefu kwa kompyuta, unabaki na miguu mirefu ya mwanasesere. Mafundi wa mavazi hukosea vivyo hivyo wanapokata suruali ya kawaida kwa chini: goti la nguo linaangukia kwenye muundi. Suruali hiyo ichorwe na kukatwa upya tangu kiunoni.

Kumwajiri mwigizaji mfupi hakudai makubwa. Kigoda chini ya miguu anapoketi, maana miguu inayoning'inia hubana mapaja na kuuchosha mgongo, na wengi wenye akondroplasia wana mfereji mwembamba wa uti wa mgongo, hivyo ganzi huja upesi. Vipumziko zaidi kama amevaa barakoa ya silikoni. Na asibebwe wala kurushwa kwa kuchekesha watu kabla hajakubali tendo lenyewe na kulifanyia mazoezi.

Kuhusu wahusika wenyewe, mwigizaji mfupi Peter Dinklage alipoukosoa mpango wa Disney wa kuitengeneza upya Snow White mwaka 2022, lawama yake ilikuwa juu ya picha ya watu saba waliorundikwa pangoni. Filamu hiyo ilipotoka mwaka 2025, mbilikimo walikuwa wa kompyuta. Huko ni kumfukuza mpangaji kwa sababu paa linavuja. Dinklage mwenyewe alishinda tuzo nne za Emmy, za televisheni, kwa tamthilia ya Game of Thrones akiigiza mtu mwenye akili, tamaa, hasira na mapenzi. Ufupi wake haukufichwa, na haukuwa kichekesho cha kila tukio.

Nina ombi kwa dawati lako la burudani. Mnapochambua filamu hizi, someni orodha ya majina mwishoni hadi kwa mabadali, mwandike aliyetoa mwili pamoja na aliyetoa uso. Mwaka 1939, The Wizard of Oz ilitumia watu wafupi zaidi ya 100, na mwishoni wakaandikwa kwa jina la kundi tu. Na neno "kibete" liacheni. Mtu huyo ni mwigizaji, na ikibidi kutaja kimo chake, "mwigizaji mfupi" inatosha.

Fundi wa seti