Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nyimbo za Sinéad O'Connor Tulizozipa Alama

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na ndugu zetu marasta, heshima kwenu.

Katika mkutano mkuu uliopita mliipa kamati kazi moja: tuchukue mwimbaji mmoja, tumsikilize wimbo kwa wimbo, na kila wimbo tuupe alama. Tulimchagua marehemu Sinéad O'Connor wa Ireland. Katika kazi zake tukachukua albamu mbili: Throw Down Your Arms ya mwaka 2005, ambayo ni rege tupu, na Theology ya mwaka 2007, ambayo sehemu kubwa ni maneno ya Biblia. Wengi wenu mlimjua kwa wimbo mmoja tu, ule wa mwaka 1990 uliotungwa na Prince, "Nothing Compares 2 U". Nakumbuka mlivyoshangaa kusikia kwamba alikwenda hadi Kingston, Jamaika, akaingia studio ya Tuff Gong na kuimba huku Sly Dunbar akiwa kwenye ngoma na Robbie Shakespeare kwenye besi.

Niseme kwanza jinsi tulivyofanya kazi, kwa sababu hapo tulikosea. Miezi miwili ya mwanzo alama zilitajwa kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine, tukianza na wakubwa. Mzee akishasema tisa, kijana gani atathubutu kusema tano? Tulipata alama za adabu tu. Kuanzia mwezi wa tatu kila mtu alisikiliza wimbo mara mbili nyumbani na mara moja pamoja nasi, kisha akaandika alama yake kwenye karatasi na sababu yake kwa sentensi moja, kabla ya mjadala kuanza. Nyimbo zote za miezi miwili ile tulizirudia. Ilituchelewesha, lakini sijutii.

Kosa la pili lilitokea tulipofika "Out of the Depths", ambao ni Zaburi ya 130. Mama yetu mmoja, mwanakwaya wa miaka mingi, alirudisha karatasi tupu. Alisema hawezi kuipa sala alama. Karatasi yake iliingizwa kwenye hesabu kama sifuri, wastani ukashuka, na hatukugundua hadi kikao kilichofuata. Nimemwomba radhi nyumbani kwake, na leo namwomba radhi mbele yenu. Karatasi tupu sasa inahesabiwa kuwa tupu.

Hata hivyo, alichokisema kilitushughulisha kuliko jambo lolote mwaka huu. Je, inafaa kuipa ibada alama? Nilikwenda nalo nyumbani, na jibu nililikuta ndani ya albamu yenyewe. Kuna wimbo unaoitwa "33", yaani Zaburi ya 33, na mstari wake wa tatu katika Biblia yetu unasema, "Mwimbieni wimbo mpya, pigeni kwa ustadi kwa sauti ya shangwe." Zaburi yenyewe inadai ustadi, na ustadi hupimika. Isitoshe, hatukuanza sisi. Kwaya zetu hushindana na kupewa alama na waamuzi. Kila Ramadhani watoto husimama mbele ya majaji katika mashindano ya Qur'ani, na anayeteleza kwenye hifdhi, yaani kukariri, au tajwidi, yaani kanuni za usomaji, hupunguziwa. Imani ya mtoto haiguswi na jaji yeyote. Kinachopimwa ni namna alivyoibeba amana aliyopewa. Ndivyo tulivyojaribu kumpima dada huyu.

Kwa upande wa rege, albamu ina nyimbo 12, na tano kati yake ni za Burning Spear. Wazee wetu walifurahi kukumbushwa kwamba Winston Rodney, ndiye Burning Spear mwenyewe, alilichukua jina hilo kutokana na lakabu ya Jomo Kenyatta, Mkuki Uwakao. Wimbo wa kwanza, "Jah Nuh Dead", hauna chombo hata kimoja. Siku tuliyousikiliza umeme ulikatika na spika ikazima. Katibu akauweka kwenye simu, simu ikalazwa katikati ya meza ndani ya giza, na ile sauti ikatutosha. Wimbo huo haukupewa alama iliyo chini ya nane. Nimejiuliza kama ni giza lililotoa alama hizo. Niliusikiliza tena mchana, umeme upo, na yangu sikuibadilisha.

"Marcus Garvey" na "Throw Down Your Arms" zilipata alama nzuri bila ubishi. "Prophet Has Arise" ulipanda baada ya wanachama kujua kwamba waimbaji watatu wa Israel Vibration waliouimba mwanzo walikutana wangali watoto katika kituo cha wagonjwa wa polio huko Mona, Kingston. Hapa kuna wanaouliza kama habari za nje ya wimbo ziruhusiwe kuongeza alama. Mimi naona ziruhusiwe, mradi mtu aandike hivyo kwenye karatasi yake. "Vampire" ulitugawa kabisa: walioupa tisa na walioupa tatu walikaribia kulingana, na wastani wake wa kati haumwakilishi mtu yeyote aliyekuwa chumbani. Tangu siku hiyo kitabu chetu kinaonyesha alama ya juu na ya chini kando ya wastani. "Untold Stories", ambao mwenyewe ni Buju Banton, ndio ulioongoza upande wa rege. Unahusu maisha magumu ya mtu wa chini, na sababu zilizoandikwa kwenye karatasi zilikuwa za watu wanaoyajua maisha hayo.

Sikubaliani nanyi juu ya "War", na kwa kuwa taarifa hii ni yangu naomba nilitamke. Mliushusha kwa sababu haumfikii Bob Marley. Lakini hata Marley maneno aliyapokea: mengi yanatoka katika hotuba ya Haile Selassie kwenye Umoja wa Mataifa, Oktoba 1963. Marley aliyaimba mwaka 1976, akizitaja Angola, Msumbiji na Afrika Kusini, nchi ambazo wapiganaji wake waliishi na kupanga mapambano yao hapa kwetu Tanzania. Sinéad aliuimba tarehe 3 Oktoba 1992 katika televisheni ya Marekani, bila chombo, akaingiza ndani yake mateso ya watoto, kisha akaichana picha ya Baba Mtakatifu kupinga unyanyasaji uliokuwa ukifichwa. Najua tendo hilo bado linawauma baadhi ya Wakatoliki wenzetu, na simlazimishi mtu kulipenda. Wiki mbili baadaye akazomewa na watu wengi ukumbini jijini New York, naye badala ya wimbo aliopangiwa akauimba tena huo huo. Miaka 13 ikapita, ndipo akaurekodi Kingston na kuuweka mwisho wa albamu. Mtu aliyeulipia wimbo namna hiyo hastahili kupimwa kwa rula ya Marley. Naomba upigiwe kura upya.

Theology ilitupa kazi ya aina nyingine, maana nyimbo karibu zote zimo mara mbili: mara moja zilizorekodiwa Dublin kwa magitaa makavu na Steve Cooney, mara nyingine zilizorekodiwa London na bendi kamili. Kila toleo tulilipa alama zake peke yake. Dublin ilishinda karibu kila mahali. "Watcher of Men", ambao ni Ayubu akiilaani siku aliyozaliwa, ukipambwa kwa vyombo vingi unapoteza upweke wake, na Ayubu bila upweke si Ayubu. "If You Had a Vineyard" ni Isaya sura ya tano, na kina mama wanaolima waliusikia kwa masikio mengine kabisa: umepalilia, umeng'oa mawe, kisha shamba linakupa zabibu-mwitu. "Something Beautiful" una ndani yake Yeremia akiwakemea wanaosema "Amani, amani, wala hapana amani." "Out of the Depths" wa Dublin ndio ulioongoza albamu nzima baada ya sifuri ile kufutwa. Pale Biblia yetu inaposema "toka vilindini nimekulilia", sauti yake inaanzia huko huko vilindini, nayo haina haraka ya kutoka.

Kitabu chetu cha alama kilikuwa na safu mbili, "Dini" na "Rege". Napendekeza tuziunganishe. "Rivers of Babylon", uliomo kwenye albamu ya dini, ni Zaburi ya 137, lakini kama wimbo ni wa The Melodians wa Jamaika. "Downpressor Man" wa Peter Tosh, uliomo kwenye albamu ya rege, umechongwa kutoka wimbo wa kiroho wa Wamarekani weusi. "Y Mas Gan" wa The Abyssinians ni sifa kwa Mungu kwa Kiamhari. Jina Jah lenyewe, ambalo marasta humwitia Mungu, limo katika Zaburi ya 68, ila Biblia ya Kiswahili huliandika YAHU, ndiyo maana tulikuwa tukilipita bila kulitambua. Sinéad hakuwahi kuwa na safu mbili. Tukiendelea nazo tutakuwa tunapima kitu ambacho hakukiimba.

Wanachama wetu Waislamu walikumbusha kwamba alisilimu mwaka 2018 na baadaye akaitwa Shuhada' Sadaqat. Kamati imekubali kumbukumbu ziwe na majina yote mawili. Alifariki Julai 2023 akiwa na miaka 56. Alipozikwa, imamu alimwombea, na mjini Bray gari lililotangulia jeneza lilipiga nyimbo za Bob Marley huku watu wamejipanga barabarani. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi niseme tu kwamba spika mpya imelipwa yote, na wenye madeni ya ada wanajijua.

Kikao cha Januari kitaanza na kura ya marudio ya "War", kisha Faith and Courage ya mwaka 2000, tukianza na "The Lamb's Book of Life". Mama yetu wa kwaya amekubali kuongoza usomaji wa maandiko. Karatasi yake ataijaza au ataiacha tupu, kama atakavyoona mwenyewe.

Mwenyekiti