Niletee ruta, ndugu yangu

Lubumbashi, Kampemba

Ndugu yangu Ilunga,

Jambo sana. Habari ya Köln, habari ya mama watoto, habari ya baridi? Sisi tuko, Mungu anasaidia. Mvua zimeanza, na maembe ya Mama Chantal yanaanguka usiku kucha juu ya mabati yetu, hakuna anayelala. Yaya Prosper anakusalimia, goti limepona, ameanza tena kubishana na kila mtu. Ya ukimya wetu tutayaongea ukifika Desemba. Leo nina jambo moja, nalo linaninyima raha.

Juma lililopita intaneti ilikuwa nzito jioni nzima na Nadège alikuwa na kazi ya kupeleka chuoni. Nikapigia kampuni simu. Kijana aliyepokea alikuwa mpole, wala simlaumu yeye. Akataja jina la wifi yetu, kisha akanisomea neno letu la siri, herufi kwa herufi, mpaka zile tarakimu za mwisho ambazo ni mwaka aliozaliwa marehemu mama. Hakuniuliza, alikuwa analiona kwenye kioo chake. Akasema, “Papa, nikubadilishie?”

Ilunga, nilikata simu. Ruta hiyo, kile kidude cha kampuni kinachogawa intaneti na wifi nyumbani, iko sebuleni kwangu, inakula umeme wangu, naikodi kila mwezi juu ya bei ya intaneti yenyewe, na ufunguo wake uko kwa mtu nisiyemjua. Nikiingia 192.168.1.1, ukurasa wa mipangilio ya ruta, naruhusiwa kubadilisha jina la wifi, basi. DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, wameifunga. Hata kuona simu zipi zimeunganishwa nyumbani mwangu wamefunga! Tangu siku hiyo kila nikipita pale sebuleni naiangalia kama mgeni aliyekataa kuondoka.

Nimeamua kuweka ruta yangu mwenyewe. Antena ya juu ya paa ibaki yao, sina ugomvi nayo. Nimeufuata waya wote: unashuka ukutani, unaingia kwenye kidude cheusi kinacholisha antena umeme, chenye matundu mawili, POE na LAN. POE inapanda kwenye paa, LAN inakwenda kwenye ruta. Ule wa POE nimeufunga utepe mwekundu, maana unabeba volti 24 na sitaki mtoto auchomeke kwenye kompyuta. Kwa hiyo ruta yoyote yenye tundu la WAN, lile la kupokea intaneti kutoka nje, inatosha, modemu haihitajiki.

Kinachonikwamisha ni jina na neno la siri la PPPoE, yaani ya kuingilia kwenye mtandao wa kampuni. Yamo ndani ya ruta yao, na bila hayo yangu itawaka taa tu bila kupata intaneti. Nimeyaomba kwa simu, nikaenda hadi ofisini, wananiambia ni siri ya kampuni. Siri gani, na mkataba una jina langu na pesa ni yangu?

Nikamwambia yule wa ofisini mambo uliyonieleza, kwamba huko Ujerumani tangu 1 Agosti 2016 sheria inampa mteja haki ya kuchagua ruta, na kampuni inalazimika kumpa maelezo ya kujiunganisha. Akanijibu, “Hapa si Ujerumani.” Sawa, si Ujerumani. Lakini hatari ni ile ile. Novemba mwaka huo huo si ndipo wateja karibu 900,000 wa Deutsche Telekom walipokatikiwa, baada ya wahalifu kushambulia mlango namba 7547, ule ambao makampuni huutumia kuzirekebisha ruta za wateja kwa mbali? Mlango anaopitia fundi, mwizi naye anaujaribu. Yaya Prosper anasema niwaandikie ARPTC, wale wanaosimamia makampuni ya simu na intaneti hapa Kongo. Barua nimeshaianza.

Fundi mmoja wa hapa mtaani anashauri niweke yangu nyuma ya yao na kuzima wifi yao. Ni kweli, wangeona kifaa kimoja tu, na simu zetu zingekuwa nyuma ya ukuta wangu. Wakikataa kabisa nitafanya hivyo. Ila anwani za mtandao zinatafsiriwa mara mbili, na ruta yao kisha na yangu, kamera ya getini itanisumbua nikitaka kuitazama nikiwa Likasi, na kodi ya ruta nitaendelea kuilipa. Bado nataka PPPoE yangu.

Sasa ombi. Niletee ruta kwenye sanduku lako, pesa nitakupa ukifika. Zile zenye modemu ya laini ya simu au ya kebo ya televisheni usihangaike nazo, unalipia kitu nisichokitumia. Iwe na masafa ya wifi ya 2.4 na 5 GHz yote mawili: 5 kwa sebuleni, 2.4 ifike chumbani kwa Nadège, maana ukuta ule wa matofali ya kuchoma unaujua. Chaja iwe ya volti 12, tafadhali, isiwe ya 9. Umeme ukienda nitailisha kutoka kwenye betri ya sola. Siyo moja kwa moja, maana betri ikichajiwa inapita volti 14, ila Prosper ana kifaa cha kuzishikilia kwenye 12. Hivyo inverta inapumzika na intaneti inabaki.

Halafu uhakikishe iko kwenye orodha ya OpenWrt, ile programu huria ya kuendeshea ruta, kwa sababu watengenezaji huacha kutoa masasisho na ruta inabaki na matundu yake ya usalama. Angalia RAM iwe MB 128 au zaidi, hifadhi MB 16. Na usiishie kwenye jina la nje! Geuza usome toleo kwenye karatasi ya chini, v1, v2 au v3, kwa kuwa ndani vinaweza kuwa vitu tofauti kabisa.

Wewe huko ulipobadilisha yako, kampuni ilikupa maelezo kwa barua au kwa simu? Uliwahi kulazimika kunakili anwani ya MAC, ile namba ya utambulisho ya kifaa, ya ruta ya zamani ndiyo mpya ikubaliwe? Iliyotumika inapatikana kwa nusu bei, au nisubiri mpya? Forodha ya uwanja wa ndege wa Luano itakusumbua kwa kifaa kimoja? Na mnafika tarehe ngapi hasa, mmoja au wote? Mama Chantal anataka kujua kama watoto bado wanakula bukari na sombe.

Nijibu kabla hujanunua, unitumie picha ya ile karatasi ya chini.

Ndugu yako,
Kabamba