Risala ya Wahitimu wa Shule za Marafiki Waishio Dar es Salaam kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa umoja wetu, walimu wetu wastaafu, wazee wetu, wageni waalikwa, ndugu wanachama pamoja na familia zenu: itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kukubali mwaliko wetu katika kipindi hiki ambacho ofisi yako ina shughuli nyingi za mitihani. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi tumesoma katika shule za Marafiki, dhehebu la Kikristo ambalo waumini wake wengi huwaita Wakweka, magharibi mwa Kenya: Kaimosi, Kamusinga, Lugulu na nyinginezo. Wengine ni Wakenya tulioletwa hapa na kazi au ndoa, wengine ni Watanzania waliopelekwa kule na wazazi wao. Misheni ya Kaimosi ilianzishwa mwaka 1902 na Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Pale palisimama kanisa, shule, hospitali na kinu cha kupasulia mbao, kwa kuwa walitaka mtoto ajue kusoma na ajue pia kazi ya mikono. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Lakini hata kabla ya Kaimosi, Marafiki kutoka Uingereza walikuwa wameshafika Pemba. Walikuja mwaka 1897, mwaka ambao sheria ya Zanzibar iliacha kuutambua utumwa, wakaanzisha shamba pale Banani, karibu na Chake Chake, ambako walioachwa huru walifanya kazi kwa ujira. Tunalisema hili kwa fahari mbele yako.

Baada ya utambulisho huo, tunaomba tukupe habari za wenzetu.

Mwaka huu tumefiwa na wanachama. Majina yao yatasomwa mwishoni, na tutanyamaza pamoja kama tulivyozoea shuleni.

Wapo waliohitimu shahada za uzamili Mlimani na Muhimbili; tunawapongeza sana. Kijana wetu mmoja ni fundi katika reli ya kisasa, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na mama yake amepanda treni hiyo akiwa amevaa nguo za sikukuu. Mwingine, aliyecheza magongo Kamusinga, anawafundisha mchezo huo watoto wa mtaani kwake jioni. Mkunga wetu amestaafu, lakini Mbagala bado wanamgongea mlango usiku.

Tunaomba tukae kidogo kwa dada yetu mwenye duka la vitenge Kariakoo. Kila doti dukani kwake ina kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini, na juu yake bei imeandikwa kwa kalamu nyekundu. Bei hiyo haipandi kwa mgeni wala haishuki kwa shoga yake. Marafiki wa zamani kule Uingereza walifanya biashara hivyo hivyo, kwa kuwa waliona kutaja bei ambayo huikusudii ni kusema uongo. Kariakoo, Mheshimiwa, hilo ni jambo zito. Mwanzoni wateja walisema "punguza basi, mama", akajibu "bei ndiyo hiyo, mwanangu", wakaondoka zao wakinung'unika. Leo akina mama wanamtuma mtoto na pesa mkononi, wakijua atarudi na chenji kamili. Sisi tunaiweka habari hii sawa na shahada yoyote tuliyoitaja.

Yupo pia mama aliyepata mafunzo ya kumaliza ugomvi bila vurugu, ambayo Marafiki waliyaendesha Kenya baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007. Sasa mjumbe wa mtaa wake humwita majirani wanapogombana kuhusu mpaka au maji machafu. Huwakalisha, na kila mmoja lazima arudie alichosema mwenzake, mpaka mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema, ndipo naye apate zamu yake. Kesi nyingi huishia hapo.

Na yupo ndugu yetu aliyepoteza kazi ya ofisini, akawa anaendesha bajaji. Kwa muda mrefu hakuja kwenye mikutano, akidhani umoja huu ni wa wenye vyeo. Inatuuma kwamba aliweza kufikiri hivyo. Leo yuko hapa, amekaa mstari wa mbele, na binti yake amefaulu kwenda kidato cha tano mchepuo wa sayansi. Tunaomba makofi kwa ajili yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, binti huyo ndiye anayetufikisha kwenye ombi letu. Katika mji wa York, Uingereza, ipo shule ya Marafiki iitwayo The Mount. Alisoma hapo Jocelyn Bell Burnell, msichana aliyekuwa ameshindwa mtihani wa kuingia sekondari alipokuwa na miaka 11. Mwaka 1967, akiwa mwanafunzi Cambridge, aligundua pulsa, nyota zinazotuma mapigo ya redio kwa mpangilio kama saa. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 kwa ugunduzi huo alipewa msimamizi wake. Mwaka 2018 yeye mwenyewe alipata tuzo ya dola milioni 3, akaitoa yote iwasomeshe fizikia watu ambao kwa kawaida hawapewi nafasi, wakiwemo wanawake na wakimbizi.

Sisi hatuna dola milioni 3. Tuna walimu wanne wa fizikia na hisabati, wahandisi, na mfuko mdogo wa michango ya kila mwezi. Ada Serikali imeshaifuta, tunashukuru. Kinachowakwamisha wasichana tunaowafahamu ni nauli, taulo za kike, na daladala zinazowaacha kituoni kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Hayo mfuko wetu utayabeba kadiri ya uwezo wake.

Tunachokosa ni mahali. Wewe mwenyewe ni mwalimu wa fizikia, unajua msichana hawezi kuuelewa umeme kwa kuchora saketi ubaoni tu. Tunaomba ofisi yako ituruhusu kutumia maabara ya shule moja ya sekondari kila Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Vifaa tutakavyovunja tutavilipa, na funguo zitarudishwa siku hiyo hiyo kwa mkuu wa shule. Barua ya maombi iko kwenye bahasha aliyonayo Katibu, pamoja na majina ya walimu watakaojitolea.

Tunaomba kuwasilisha.