Waimbe kwanza, gitaa baadaye

Bwana Mhariri,

Ninafundisha gitaa vijana wa korali katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Wazazi huniuliza mbona watoto wao wanaotaka jazi hawaanzi na solfeji, yaani kusoma nota za do-re-mi. Mimi naanza na sikio. Tunasikiliza bluzi ya vipimo 12, duru fupi inayojirudia, wanagonga mguu, wanaimba besi, ile sauti nzito ya chini, peke yake, ndipo wanaitafuta kwenye nyuzi. Asiyeweza kuiimba simpi gitaa, hata akinuna. Halafu tunauhamisha wimbo kutoka ufunguo wa do hadi wa fa, na hapo hujulikana aliyekariri vidole tu.

Wes Montgomery, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani, hakusoma nota. Alijifunza solo za Charlie Christian, mpiga gitaa aliyemtangulia, kwa kusikiliza santuri. Na kwetu Katanga, mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, aliigwa na wengi kwa sikio hivyo hivyo.

Nota nazifundisha baadaye, wasiwe na wasiwasi. Shida yangu ni simu tunazosikilizia: spika zake ndogo zinaimeza besi yote. Parokia zenye spika kubwa zitufungulie ukumbi Jumamosi mchana.

Mwalimu wa gitaa,
Lubumbashi