Vitini vya C vimepitwa na wakati

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niwasihi wakufunzi wa programu waache kufundisha lugha ya C kwa vitini vya enzi za DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta. Mwanangu, aliye mwaka wa kwanza chuoni, alikesha juzi akihangaika na getch, amri ya kusoma kitufe kimoja bila kungoja Enter, ambayo haimo katika C sanifu wala katika maktaba ya kawaida (mkusanyo wa amri zilizo tayari) ya mfumo wa Linux. Alipoweka getchar, amri sanifu ya kusoma herufi, programu ilikaa kimya mpaka abonyeze Enter, naye akadhani kibodi imeharibika. Hakuna aliyemweleza kwamba ni kiini cha mfumo, wala si programu yake, kinachoushikilia mstari mzima ili mwandishi aweze kufuta alipokosea, na kwamba anayetaka herufi moja moja hana budi kuzima ICANON, mpangilio unaoushikilia mstari huo, kwa amri ya tcsetattr, kisha aiwashe tena kabla ya kutoka. Akizima na ECHO, mpangilio unaoonyesha kwenye skrini kinachoandikwa, akaisahau, ataandika amri asizoziona.

Baya zaidi, jibu la getchar alilihifadhi katika char, aina ya data ya herufi moja, badala ya int, aina ya namba kamili. Pale ambapo char haibebi namba hasi, kama ilivyo kwa kawaida katika Linux ya vichakataji vya ARM, EOF, yaani namba hasi inayoashiria mwisho wa data, haitambuliki kamwe na kitanzi cha kusoma herufi hakikomi. Kosa hilo, kwa masikitiko yangu, limenakiliwa kutoka kwenye kitini neno kwa neno.

Mzazi na mwandishi wa programu,
Morogoro